Kwa nini panki roki hutukumbusha ujana, hata ujana ambao haukuwa wetu?

Mwana wa Tudor

Wapenzi wa muziki, salamu kwenu nyote. Nina swali ambalo nimelizungumza na rafiki zangu barazani bila kupata jibu la kunitosheleza, na kwa kuwa humu wamo watu wanaoujua muziki kwa undani, nimeona nililete kwenu.

Nimezaliwa na kulelewa Tudor, na nyumbani kwetu muziki ulikuwa taarabu. Marehemu baba alikuwa mtu wa Juma Bhalo na Zein l'Abdin, na hakuona haja ya kitu kingine. Lakini muziki unaonishika moyo mpaka leo nikiusikia kwa ghafla ni panki roki ya Marekani, muziki wa magita wa kasi na makelele, ambayo sikuipata redioni wala kwa wakubwa wangu. Niliipata katika duka la gemu karibu na Mwembe Tayari, tulikokuwa tukilipia muda wa kucheza PlayStation. Kulikuwa na ule mchezo wa kuteleza kwa ubao wenye magurudumu, wa Tony Hawk, uliotoka mwaka 1999, na ndani yake zilikuwamo nyimbo za bendi kama Goldfinger na Dead Kennedys. Mwenye duka alikuwa akizima sauti kila adhana ilipoanza, nasi tukiendelea kucheza kimya, kila mmoja akiuendeleza wimbo kichwani mwake, na sauti iliporudi tulikuwa tukijua ni nani aliyeutangulia wimbo na ni nani aliyeachwa nyuma. Kutoka hapo tukazitafuta Green Day na blink-182 katika sidii za kunakiliwa, zenye majina yaliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito.

Sasa nimeingia miaka ya arobaini, nina mke na watoto, na siku zangu hupita bandarini nikifuatilia hati za makontena. Kinachonishangaza ni kwamba nyimbo zinazonigusa kuliko zote ni zile zinazosifu ujana usio na mawazo: kukesha na marafiki, kuzunguka mjini bila mahali pa kwenda, kukataa kukua. Mimi sikuwa nao ujana huo. Sikuwahi kumiliki ubao wa magurudumu, sikuwahi kuishi katika mtaa wa California wenye bustani mbele ya kila nyumba, na sikuwahi kuendesha gari la mzazi usiku wa manane. Sisi tulikulia miaka ya mwisho ya utawala wa Rais Moi, wazazi wetu wakipunguzwa kazini na karo ikilipwa kwa vipande. Hata hivyo, wimbo ukianza, ninaona huzuni ya mtu aliyepoteza kitu alichokuwa nacho.

Maswali yangu ni mawili. Inawezekanaje mtu kuulilia ujana ambao haukuwa wake? Na kwa nini kazi hii inafanywa na panki, muziki unaosifika kwa hasira na kelele, kuliko muziki laini ambao ungedhaniwa ndio wa kukumbushana?

Baharia wa Buxton

Mwanangu, swali lako ni zuri, na nimefurahi kuona mtu anauchukulia muziki huu kwa uzito unaostahili. Ila ndani ya swali lako limejificha jambo ambalo ni lazima tulitazame kwanza, nalo ni ile imani kwamba panki ilianza kwa hasira tupu, na kwamba kumbukumbu zilikuja baadaye wenyewe walipozeeka. Historia haiko hivyo. Hamu ya utoto ilikuwamo ndani ya muziki huu tangu mwanzo wake.

Wachukue Ramones, bendi iliyoundwa mwaka 1974 na vijana wa Forest Hills, katika eneo la Queens, New York. Albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1976, ina nyimbo 14 zinazomalizika kabla ya nusu saa kutimia, na kuirekodi kuligharimu kiasi cha dola 6,400, ambazo hata kwa wakati ule zilikuwa fedha kidogo. Kati ya nyimbo hizo umo mmoja wa kuazima, "Let's Dance" wa Chris Montez, uliovuma mwaka 1962 wakati wao wenyewe wakiwa watoto. Hata jina la bendi lilitokana na lile ambalo Paul McCartney wa The Beatles aliwahi kulitumia alipojiita Paul Ramon. Walichokuwa wakikifanya, kwa maoni yangu, ni kuurudisha muziki wa redio ya utotoni mwao, ule wa dakika mbili mbili wenye kiitikio ambacho kila mtu anaweza kukidaka, kwa sababu roki ya miaka ya 1970 ilikwishakuwa mali ya magwiji waliopiga gita robo saa nzima huku msikilizaji amesimama mbali, mwisho wa uwanja. Kufikia mwaka 1980 walilisema wazi: wakarekodi wimbo mzima wa kuikumbuka redio ya rock 'n' roll, na aliyeitayarisha albamu hiyo ni Phil Spector, yule yule aliyewatengenezea The Ronettes nyimbo zao mwaka 1963.

Uingereza ilikuwa vivyo hivyo. Buzzcocks wa Manchester walitoa albamu yao ya pili, Love Bites, Septemba 1978, na ndani yake mna wimbo mmoja uitwao "Sixteen Again" na mwingine uitwao "Nostalgia". Pete Shelley, mwimbaji wao, alizaliwa mwaka 1955. Basi hesabu mwenyewe: kijana wa miaka 23 anaimba juu ya kurudi kuwa na miaka 16, katika aina ya muziki ambayo nchini mwake haikuwa imetimiza hata miaka mitatu! Nami nilikuwa kijana wa rika lake, baharia katika meli za mizigo, na santuri hiyo niliinunua katika bandari ya Uingereza nikaja nayo Mombasa ndani ya shuka ili isivunjike. Nakumbuka niliusikiliza wimbo huo wa pili mara nyingi kuliko mingine yote, kwa sababu anachokililia Shelley hapo si zama zilizopita bali zama ambazo bado hazijafika. Hapo ndipo ninapoliona jibu la swali lako la kwanza. Hamu haihitaji hati ya umiliki. Mtu anaweza kuulilia ujana aliokuwa nao, ujana alioahidiwa, au ujana aliouona kwa jirani, na moyo hauzitenganishi huzuni hizi tatu kwa sababu zote zinaingia kwa mlango mmoja.

Kuhusu hasira, sikatai kwamba ilikuwapo. Sex Pistols walipotoa wimbo wao juu ya Malkia Elizabeth mwaka 1977, wakati wa sherehe za miaka 25 ya utawala wake, BBC ilikataa kuupiga. Lakini hao walikuwa sehemu moja tu ya habari, na kwa bahati mbaya ndiyo sehemu iliyopigwa picha zaidi.

Gita la Freretown

Mimi ninapiga gita katika bendi ya bango, ule muziki wa dansi wa pwani yetu, harusini na kwenye hafla za wazee, na kabla ya hapo nilipiga panki na wenzangu katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mjomba wangu, tukiwa tumetundika magodoro ukutani ili majirani wasikereke. Mzee Buxton amelijibu swali la kwanza vizuri kuliko ambavyo ningeweza, kwa hiyo mimi nitalishika la pili, kwa nini ni panki na si muziki laini, kwa sababu jibu lake kwa sehemu kubwa liko mikononi.

Johnny Ramone, mpiga gita wa Ramones, alikuwa akipiga kwa mkono wa kulia unaoshuka tu, bila kupanda. Wapiga gita wengi hupiga chini na juu kwa kupokezana, kwa kuwa njia hiyo inaupunguzia mkono nusu ya kazi. Yeye alishuka kila pigo, kwa kasi ileile, wimbo baada ya wimbo. Jaribu hata bila gita: shika kipande cha kadi kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha kiteremshe pajani mara tano au sita kwa kila sekunde, bila kupumzika, kwa dakika mbili. Moto utaanzia katika kifundo cha mkono, utapanda mpaka kwenye kiwiko, na kabla ya dakika ya pili kuisha bega litakuwa limekakamaa na pigo limeanza kuyumba. Sasa sikiliza tena albamu ile ya 1976 ukijua hivyo. Unachokisikia ni mwili wa kijana unaotumiwa bila kuhesabiwa. Ujana haumo katika maneno peke yake, umo katika namna sauti yenyewe ilivyotengenezwa, na msikilizaji anaujua hata kama hajawahi kushika gita.

Jambo la pili ni urahisi. Mwaka 1977 jarida dogo la mashabiki nchini Uingereza lilichora namna tatu za kuweka vidole kwenye nyuzi za gita, kisha likamwambia msomaji aende akaunde bendi. Watu walifanya hivyo hasa. Kwa hiyo katika rekodi nyingi za panki unawasikia watu ambao ndiyo kwanza wamejifunza, na zile kasoro zao, mpiga ngoma anayekimbia, besi inayochelewa, sauti inayopasuka kileleni, ni alama za umri kama ilivyo sauti ya mvulana anayebaleghe. Katika taarabu mwanafunzi hukaa chini ya mwalimu miaka mingi kabla hajaruhusiwa kusikika, nami naiheshimu sana njia hiyo, lakini matokeo yake ni kwamba ukisikia udi wa Zein l'Abdin unamsikia bingwa aliyekomaa. Humsikii kijana wa miaka 17.

Tena kuna hili, ambalo naliona ndilo kubwa kuliko yote. Katika nyimbo hizi za kukumbuka, maneno ni ya huzuni huku sauti za gita zikiwa za furaha. Sikiliza "Dammit" ya blink-182, ya mwaka 1997. Gita linafungua kwa mdundo mwepesi wa noti moja moja unaopanda na kushuka kwa furaha, na juu yake mwimbaji anaeleza uchungu wa kukutana tena na mtu aliyemwacha na kutambua kwamba huko ndiko kukua. Mwimbaji huyo, Mark Hoppus, alikuwa na miaka 25. Sauti anaivuta mpaka mwisho wa uwezo wake, na ukali ule wa kukwaruza hauigiziki. Kama wangeupiga polepole ungekuwa wimbo wa kuomboleza tu, nao ungepita. Kwa kuwa wanaupiga kwa kasi, mwili unataka kuruka wakati moyo unataka kukaa chini, na mvutano huo ndio unaomkaba mtu koo.

Bango nayo inakumbusha, na Mzee Joseph Ngala wa hapa kwetu Freretown, aliyeuanzisha mtindo huo, amewaliza na kuwachezesha watu wengi kwa saksofoni yake. Lakini bango inakukumbusha ukiwa umekaa na wenzako, umevaa vizuri, na mwendo wake unakupa nafasi ya kukubali kwamba miaka imekwenda. Panki haikupi nafasi hiyo. Dakika mbili na nusu na wimbo umekatika, nawe bado hujajiandaa kuuaga.

Mtoto wa Mtongwe

Ndugu yangu wa Tudor, nataka nikushike kidogo pale unaposema kwamba wao walikuwa na ujana usio na mawazo nasi hatukuwa nao. Wengi wa walioimba nyimbo hizo hawakuwa nao vilevile.

Waangalie The Undertones, waliotoka Derry, Ireland ya Kaskazini. Mji huo ndio ambao mwezi Januari 1972 wanajeshi wa Uingereza waliwafyatulia risasi waandamanaji na kuua watu 13 siku hiyo hiyo. Vijana hawa walikua wakipita kwenye vizuizi vya askari. Mwaka 1978 wakatoa "Teenage Kicks", wimbo wa kijana anayempenda msichana wa mtaani kwao, basi, hamna risasi wala siasa ndani yake. John Peel, mtangazaji wa BBC, aliupiga mara mbili mfululizo katika kipindi kimoja, akaupenda maisha yake yote, na alipofariki dunia mwaka 2004 maneno ya wimbo huo yaliwekwa juu ya kaburi lake. Wapo waliowalaumu The Undertones kwa kuikimbia hali halisi ya mji wao. Mimi siwalaumu hata kidogo.

Mimi ni wa ng'ambo ya kivuko, na nilikuwa kijana wa shule Agosti 1997, wakati Likoni iliposhambuliwa. Sitaeleza yote, kwa kuwa wenye kumbukumbu nzito kuliko zangu bado wako hai na ni haki yao kusema kwanza. Nitasema tu kwamba niliwaona watu wakivuka na feri wakiwa na magodoro kichwani na kuku mikononi, na jirani zetu kadhaa waliovuka hawakurudi tena. Lakini mwaka huo huo, maji yalipokupwa, tulicheza mpira mchangani kila jioni tuliyoweza, tukabishana juu ya bao mpaka giza, na mwaka huo huo nilipenda kwa mara ya kwanza. Mtu akinitaka niseme ujana wangu ulikuwa upi kati ya hiyo miwili, nitamwambia yote, na kwamba ule wa mchangani tuliupigania. Ndiyo sababu wimbo wa watu wa Derry naufahamu vizuri. Kijana anayeishi chini ya bunduki akaimba juu ya msichana wa mtaa wake, huyo anailinda sehemu yake.

Hata Green Day, uliowataja. Billie Joe Armstrong alifiwa na baba yake, aliyekuwa dereva wa lori, Septemba 1982, akiwa na miaka 10, na wimbo wao maarufu unaoutaja mwezi huo, "Wake Me Up When September Ends", katika albamu ya 2004, unatokana na msiba huo. Nyimbo zake za uvivu na kutojali za mwaka 1994 ziliandikwa na mtu aliyekwisha kuujua msiba. Mimi naamini mtoto aliyefiwa mapema huuthamini mchezo kuliko mwenzake, kwa kuwa ameshajua kwamba una mwisho.

Bint wa Kibokoni

Kaka zangu, pamoja na mzee wetu wa Buxton ambaye namwamkia shikamoo, nimeyasoma maneno yenu yote na nimefaidika. Hata hivyo, katika mazungumzo haya nusu ya mji haijatajwa.

Huo ujana wa kuzunguka mjini bila mahali pa kwenda ulikuwa wa wavulana. Sisi tulitakiwa tuwe ndani kabla ya magharibi, na anayejua Mji wa Kale anajua kwamba huwezi kupita kichochoro hata kimoja bila kuonwa na shangazi wa mtu. Ukizisikiliza nyimbo nyingi za panki za miaka ya 1990 na 2000, utaona kwamba msichana yumo kama dirisha, kama simu isiyopokewa, kama sababu ya mvulana kukesha. Yeye mwenyewe hakumbuki kitu. Nilizipenda nyimbo hizo, na ninazipenda hadi leo, lakini ilinibidi kila mara nijiweke katika nafasi ya mvulana ili niingie ndani yake, na hiyo ni kazi ambayo wenzangu wanaume hawakulazimika kuifanya.

Aliyenipokea mimi ni Poly Styrene wa X-Ray Spex, na ninashangaa kwamba watu wa pwani hii hawamtaji zaidi, kwani baba yake alikuwa Msomali. Alizaliwa Uingereza mwaka 1957 kwa mama mwenye asili ya Scotland na Ireland, akalelewa Brixton, akaondoka nyumbani akiwa na miaka 15. Aliwaona Sex Pistols huko Hastings siku alipotimiza miaka 19, akatangaza gazetini kwamba anatafuta vijana wa kuunda nao bendi, na mwaka 1978 ikatoka albamu yao Germfree Adolescents. Alipanda jukwaani akiwa na vyuma vya kunyoosha meno mdomoni, bila kuvificha, akiimba juu ya vitu vya plastiki, matangazo ya biashara na wasichana wanaojitazama kwenye kioo. Hakuusifu ujana wala hakuulilia. Aliutazama ukiwa bado unatokea. Alifariki mwaka 2011 kwa saratani, na mwanawe akashiriki kutengeneza filamu juu ya maisha yake.

Ujana wangu mimi ninaoukumbuka ni wa chumba cha juu kwa bibi, madirisha ya mbao yamefungwa, binamu zangu watatu wamejilaza wakisubiri hina ikauke, mikono imenyooshwa juu na haiwezi kugusa kitu, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwabadilishia kaseti na kuwashikia spika ndogo za masikioni kwa zamu. Tuliruka kwa kichwa tu, kwa sababu mikono ilikuwa mibichi. Huko ndiko nilikoijua panki. Hatukuwa na uhuru wa barabara, lakini tulikuwa na uhuru wa chumba, na ningependa siku moja nisikie bendi ya wasichana wa Mombasa ikiuimba huo, kwa sababu hakuna mtu mwingine atakayeuimba.

Kijana wa Mtwapa

Shikamooni wakubwa. Mimi nina miaka ishirini na kitu, na naomba nitoe wasiwasi wangu kwa heshima zote. Nionavyo mimi, kumbukumbu hizi sasa zimekuwa bidhaa. Oktoba 2022 lilifanyika tamasha kubwa Las Vegas, lililoitwa When We Were Young, lenye bendi nyingi za miaka ya 2000, na siku yake ya kwanza ilifutwa kwa sababu ya upepo mkali huku watu wakiwa wameshasafiri. Waliokuwa wakiuza muziki wa kuwapinga wakubwa sasa wanawauzia watu wazima ujana wao wenyewe.

Hapa kwetu Kenya tunayo Crystal Axis ya Nairobi, ambayo imeimba juu ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji na unyama alioufanya Kongo, na hiyo ndiyo panki ninayoielewa: inakumbuka, lakini inakumbuka historia. Nawauliza wakubwa: mtu wa umri wangu, ambaye hana duka la gemu la kukumbuka, atapata nini katika nyimbo hizi za ujana? Na kama kipo, aanzie wapi?

Mwana wa Tudor

Nawashukuru nyote, na hasa dada wa Kibokoni, kwa kuwa nilikwenda kumsikiliza Poly Styrene usiku ule ule na bado sijamaliza.

Kijana, naelewa unachosema juu ya biashara, na sina la kuitetea. Ila mwezi huo huo wa Oktoba 2022 lilitokea jambo jingine ambalo ndilo lililonifanya niandike swali hili. Wale watatu wa blink-182 walitangaza kwamba wamerudiana. Travis Barker, mpiga ngoma wao, alinusurika katika ajali ya ndege mwaka 2008 iliyowaua wengine, na Mark Hoppus aliugua saratani mwaka 2021 akapona. Mwaka 2023 wakatoa wimbo wa polepole unaouliza, kwa maneno yangu, kwa nini ilihitajika ajali na maradhi ndipo wapatane. Niliusikiliza ndani ya gari, kwenye foleni ya malori ya Changamwe, na nikampigia simu mtu niliyekuwa nikicheza naye gemu Mwembe Tayari, ambaye tulikuwa tumekosana kwa jambo la fedha na kunyamaziana kwa miaka. Tulizungumza mpaka foleni ikaisha. Sijui kama waliolipia tamasha lile walipata kitu kama hicho, lakini mimi nilikipata, na hakuna aliyeniuzia.

Mtoto wa Mtongwe, neno lako la kuupigania ujana limenikaa. Nitamweleza mwenzangu huyo.

Baharia wa Buxton

Marahaba, wanangu.

Kijana wa Mtwapa, usianze na nyimbo za watu wazima wanaokumbuka, kwa sababu hizo zitakuwa kavu kwako, na utakuwa na haki ya kuziona za biashara. Anza na zilizoimbwa na watu wa umri wako wakiwa katika umri wako. Sikiliza "Teenage Kicks" kwanza, kisha albamu nzima ya Love Bites, kisha X-Ray Spex kama alivyokuelekeza dada yako. Baada ya hapo watafute Descendents wa California. Albamu yao ya mwaka 1982 ilipewa jina kutokana na mwimbaji wao Milo Aukerman kuiacha bendi aende chuo kikuu, na kweli akasoma biolojia akawa mtafiti, lakini hakuacha kurudi kuimba. Waliporudi na albamu ya mwaka 1996 waliweka humo wimbo unaoitwa "When I Get Old", ambao ni wa mtu anayejiuliza kama akizeeka bado atataka kufanya mambo anayoyapenda sasa. Huo ndio wimbo wako wewe, kwa kuwa unaitazama kumbukumbu kutoka upande wa huku, kabla haijawa kumbukumbu. Hizi za kina Mwana wa Tudor ziweke kando kwanza.

Na kama Gita la Freretown bado anayo magodoro yale ya ukutani, nadhani dada wa Kibokoni ameshatamka ni bendi gani inayotakiwa kufanyia mazoezi humo.

Gita la Freretown

Magodoro yapo, mzee, na chumba kipo. Gita mbili zinafanya kazi, besi inahitaji nyuzi mpya, na seti ya ngoma naweza kuiazima kwa wenzangu wa bango siku ambazo hakuna harusi. Dada wa Kibokoni, ukiwapata wasichana walio tayari kujifunza, nitawaonyesha mipangilio ile mitatu ya vidole bila malipo, kisha nitatoka nje niwaachie chumba.